Kibali cha Mwaka Mmoja, Shahada ya Miaka Mitatu

Msimu wa mavuno ukifika, mashamba ya Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, hujaa vibarua wa aina yake. Katika mstari mmoja wa nyanya huko Bowen anaweza kuwapo Mjerumani aliyemaliza sekondari juzi tu, Mkorea aliyeahirisha masomo ya chuo, na Mfaransa mwenye shahada aliyechoshwa na ofisi. Mchana wanainama shambani, jioni wanagombea jiko la hosteli kupika tambi, na siku ya mapumziko wanakwenda baharini. Hawakuja kuhamia. Viza waliyo nayo ni ya likizo na kazi: mwaka mmoja wa kutembea nchi ya watu, pamoja na ruhusa ya kufanya vibarua ili nauli na chakula vipatikane.

Mwaka mmoja, hata hivyo, unatosha mtu kuzoea. Kiingereza kinalainika, marafiki wanapatikana, na siku moja mchuma nyanya anajiuliza kwa nini arudi kwao kuanza chuo ilhali kuna chuo hapo hapo, safari ya basi moja tu. Swali lake linawahusu vijana wengi zaidi ya hao wa Queensland, wakiwamo Wakenya wanaolea watoto katika nyumba za Hamburg na Watanzania wanaojitolea katika vituo vya wazee huko Westfalia, Ujerumani. Je, mwaka wa kazi ng'ambo unamsogeza kijana karibu na chuo kikuu au unamzungusha tu? Jibu linategemea pasipoti yake na fedha alizo nazo, na pia umri wake, jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu mpaka limewakuta.

Australia ilianza mpango huu mwaka 1975 kwa vijana wa Uingereza, Ireland na Kanada. Japani ikaingia 1980, Korea Kusini 1995, Ujerumani 2000, na sasa nchi zinazoshiriki zimepita arobaini. Umri ni kati ya miaka 18 na 30, ingawa raia wa mataifa machache, kama Ufaransa, Ireland na Uingereza, huruhusiwa hadi 35. Masharti yake mawili yanaonyesha wazi nia ya waliouandika: kwa kawaida mtu asikae kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita, na asisome zaidi ya miezi minne. Anayetaka mwaka wa pili hufanya kazi maalumu kwa miezi mitatu, yaani siku 88, mara nyingi mashambani na mbali na miji mikubwa. Mwaka wa tatu, ulioongezwa Julai 2019, unadai miezi sita ya kazi hizo. Waingereza wamesamehewa sharti hilo tangu Julai 2024, tunda la mkataba wa biashara kati ya nchi hizo mbili.

Miezi minne ya masomo inatosha kozi ya Kiingereza, cheti cha kuhudumu baa au mafunzo mafupi ya uokoaji baharini. Haitoshi hata muhula mmoja na nusu wa chuo kikuu. Serikali inataka mikono ya vijana hawa mashambani na matumizi yao mijini, kisha waondoke. Mwanafunzi inamtaka pia, tena sana, kwa kuwa ada za wageni zimekuwa nguzo ya bajeti za vyuo vya Australia. Ila inamtaka aingie kwa mlango mwingine, na mlango huo una kiingilio chake.

Ulaya ilitambua mapema kwamba kijana wa aina hii yuko katikati ya milango hiyo miwili. Mkataba wa Baraza la Ulaya kuhusu opea, yaani vijana wanaokaa na familia za kigeni wakiwaangalia watoto kwa malipo ya chakula, chumba na fedha kidogo za mfukoni, ulitiwa sahihi Strasbourg mwaka 1969. Utangulizi wake unaeleza kwamba kijana huyo si mwanafunzi na si mfanyakazi, bali ni wa kundi la pekee lenye sifa za pande zote mbili. Maneno hayo yaliandikwa kwa nia njema, ili wasichana wa Ulaya wa wakati ule wasifanywe yaya wa bei rahisi. Athari yake kwa anayetaka kuendelea na masomo ni nyingine: mwaka mzima anaishi katika daraja lisilompa haki kamili za mfanyakazi wala hadhi ya mwanafunzi, na siku anapotaka kuvuka anakuta karibu kila karatasi aliyo nayo haihesabiki upande wa pili.

Turudi Australia, ambako kuvuka kwenyewe kumeruhusiwa. Julai 2024 serikali ilifunga njia kwa watu wengi waliokuwa wakiomba viza ya mwanafunzi wakiwa tayari ndani ya nchi. Watalii walizuiwa, na hata wahitimu wenye viza ya muda ya baada ya masomo. Wenye viza ya likizo na kazi hawakuwekwa katika orodha hiyo. Mchuma nyanya bado anaweza kuomba bila kutoka, akapewa viza ya mpito wakati akisubiri uamuzi. Akumbuke tu kwamba viza ya mpito ya kawaida hufa pale anapovuka mpaka. Akitaka kwenda kwao kuzika au kuoza ndugu, anapaswa kuomba nyingine inayomruhusu kurudi.

Ruhusa ipo, lakini masharti yamekazwa mno. Machi 2024 alama ya chini ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa viza ya mwanafunzi ilipandishwa kutoka 5.5 hadi 6.0, na papo hapo likaanzishwa sharti la kuthibitisha kwamba mwombaji ni mwanafunzi wa kweli. Anajibu maswali kwa maandishi, kila jibu lisizidi maneno 150: hali yake ikoje, kwa nini kozi hii, kwa nini Australia, itamfaa nini baadaye. Anayetoka kwenye viza isiyo ya masomo huulizwa pia kwa nini sasa anabadili. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kijana aliyetumia mwaka mzima akihama hosteli hadi hosteli anatakiwa aeleze, kwa aya moja fupi, kwamba kiu ya elimu imempata kweli na kwamba hatafuti tu namna ya kubaki.

Na mara nyingi, tuseme ukweli, ni namna ya kubaki tu. Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ilikuwa kutoka viza ya likizo na kazi kwenda kozi ya lugha, kisha cheti cha biashara katika chuo kidogo chenye madarasa mawili juu ya duka, kisha cheti kingine kinachofanana nacho. Chuo kikuu kilitajwa mwanzoni, kikasahaulika. Tathmini ya mfumo wa uhamiaji iliyoongozwa na Martin Parkinson mwaka 2023 ilikosoa hali ya watu kuishi nchini miaka mingi kwa viza za muda zinazofuatana bila mwisho, na mkakati wa serikali uliotolewa Desemba mwaka huo uliahidi kuikomesha. Masharti haya mapya yamezaliwa humo. Yanawakamata wajanja, ila pia humkwamisha kijana mkweli ambaye safari yake haikunyooka, na safari ya mtu wa miaka 22 ni nadra kunyooka.

Kisha fedha. Tangu Mei 2024 mwombaji huonyesha akiba ya dola za Australia 29,710 za kujikimu mwaka wa kwanza, mbali na ada ya masomo na nauli. Ada ya kuomba viza, iliyokuwa dola 710, ilipanda hadi 1,600 Julai 2024 na 2,000 Julai 2025, na haina kurudishwa. Bima ya afya ni juu yake. Hajalipa bado karo, ambayo kwa mgeni katika vyuo vikuu vingi hupita dola 30,000 kwa mwaka.

Kwa upande wa mapato, kima cha chini cha mshahara tangu Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Wiki kamili ya saa 38 inaleta zaidi ya dola 900, na kibarua asiye na likizo ya malipo huongezewa robo. Mtu mbahili, anayelala chumba cha watu wanane na kula wali na maharage, anaweza kudunduliza sehemu kubwa ya akiba hiyo ndani ya miaka miwili. Mashambani nako hali imepata nafuu: tangu Aprili 2022 wanaolipwa kwa ndoo au kwa kreti wana haki ya kupata angalau kima cha chini kwa kila saa, baada ya miaka ya malalamiko kuhusu vijana walioshinda juani na kuondoka na pesa isiyotosha hata kitanda cha hosteli. Sheria kuandikwa ni jambo moja, na msimamizi wa shamba kuifuata ni jambo jingine.

Kodi ina kichekesho chake. Mwenye viza ya likizo na kazi, tangu Januari 2017, hukatwa asilimia 15 kuanzia dola ya kwanza. Mwanafunzi wa kozi ndefu kwa kawaida huhesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi, na mkazi hakatwi kitu mpaka avuke dola 18,200 kwa mwaka. Kijana yule yule, katika mgahawa ule ule, anabadili viza na mshahara wake mdogo unapumua. Mwaka 2021 mhudumu mmoja Mwingereza aliyekuwa akiishi Sydney alishinda kesi katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, iliyoamua kwamba kodi hiyo ilimbagua kwa uraia wake kinyume na mkataba wa kodi baina ya nchi hizo. Ushindi ule unawafaa tu raia wa nchi chache zenye mikataba yenye kipengele kama hicho. Na iko mitego inayomfuata mtu hadi mwisho: akiba yake ya pensheni, akiichukua wakati wa kuondoka nchini moja kwa moja, hukatwa asilimia 65 kama humo kuna michango ya enzi za viza ya likizo na kazi.

Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa kila wiki mbili masomo yakiwa yanaendelea, na bila kikomo wakati wa likizo. Kwa kima cha chini hizo ni karibu dola 1,200, na mwaka mzima takriban 31,000 kabla ya makato. Ni zaidi ya kiasi ambacho serikali yenyewe inasema kinamtosha mtu kuishi. Kazi za mwanafunzi zinaweza kumlisha, basi, lakini hazihesabiwi wakati wa kuomba. Fedha zinatakiwa ziwepo kwanza. Aliyetangulia kuja kwa likizo na kazi ana nafuu moja kubwa juu ya anayeomba kutoka nyumbani: ameweza kuzichuma humo humo, kwa mshahara wa humo humo.

Nafuu hiyo haimfikii kijana wa Mombasa, Mwanza wala Bujumbura. Katika orodha yote ya nchi zinazoshiriki mpango wa Australia hakuna hata moja ya Afrika. Mpango kama huo wa Uingereza unawachukua vijana wa Korea Kusini, Japani, Uruguay, hata San Marino yenye watu wachache kuliko kata moja ya Dar es Salaam, na hakuna Mwafrika. Wakenya walioko Melbourne na Perth waliingia moja kwa moja kama wanafunzi, kwa fedha za shamba lililouzwa au harambee ya ukoo, na vibarua wakavianzia huko huko wakiwa tayari na deni.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi Novemba 2008 Uingereza ilikuwa na mpango wa likizo na kazi uliofunguliwa kwa vijana wa Jumuiya ya Madola nzima, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwamo. Mtu alipata miaka miwili. Mpango ulipovunjwa na kuandikwa upya, mlango ulibaki wazi kwa nchi nne tu mwanzoni: Australia, Kanada, Japani na New Zealand. Katika magazeti ya Afrika Mashariki jambo hilo halikupigiwa kelele nyingi. Lakini lilifunga njia iliyomwezesha kijana wa kawaida kutoka huku kuingia nchi ya Kiingereza akiwa na haki ya kufanya kazi, akachuma, akaitazama nchi, ndipo akaamua kama asome.

Njia iliyobaki kwa wasemaji wa Kiswahili inapita kwenye Kijerumani. Kenya imekuwa chanzo kikubwa cha opea Ujerumani, na madarasa ya Kijerumani cha kiwango cha mwanzo, A1, jijini Nairobi hujaa wasichana, na wavulana wachache, wanaojifunza kuagiza mkate na kueleza familia yao. Pembeni yao wako wa kujitolea. Mpango wa serikali ya Ujerumani wa weltwärts, ulioanza 2008 na kuzijaza shule na vituo vya watoto vya Moshi, Bukoba na Iringa vijana wa Kijerumani, tangu mwishoni mwa 2013 una upande wa pili: vijana wa kusini nao huenda Ujerumani kwa mwaka, wengi kupitia makanisa na mashirika yenye undugu wa miaka mingi. Wa weltwärts hutarajiwa kurudi, maana ndiyo dhana nzima ya kubadilishana. Opea hana ahadi ya namna hiyo, na wengi wao hupanda ndege wakiwa na chuo kikuu kichwani tangu siku ya kwanza.

Sifa ya Ujerumani ni kwamba vyuo vya umma, kwa sehemu kubwa, havitozi karo. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula, kwa kawaida euro mia kadhaa, na mara nyingi humo kuna tiketi ya usafiri. Vipo vinavyotoza. Jimbo la Baden-Württemberg huwalipisha wasio raia wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kuwatoza wageni 2024. Ila mwenye subira hupata mahali pa bure. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba kwa opea kazi ni kujaza fomu tu.

Hesabu inakataa. Fedha za mfukoni za opea zimekuwa euro 280 kwa mwezi kwa miaka mingi, kwa kazi isiyopaswa kuzidi saa 30 kwa wiki. Asiponunua hata soksi, mwaka unaisha akiwa na euro 3,360. Ili apewe kibali cha masomo, huonyesha kwamba ana euro 11,904 katika akaunti maalumu inayomruhusu kutoa 992 tu kila mwezi. Ndicho kiwango kilichowekwa kuanzia Septemba 2024. Angehitaji miaka mitatu na nusu ya fedha za mfukoni, ilhali kibali cha opea hakizidi mwaka mmoja na hakirudiwi. Na ni opea gani kutoka Kisii au Kakamega asiyetumiwa ujumbe wa karo ya mdogo wake ifikapo Januari? Mchuma nyanya wa Queensland, kwa majuma manane ya kazi, anaingiza zaidi ya opea kwa mwaka wake mzima. Wote wawili wanaitwa vijana wanaoiona dunia.

Huku nako sheria inaruhusu kazi ya kumlisha mwanafunzi. Tangu Machi 2024 anaweza kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na kwa kima cha chini cha 2025, euro 12.82 kwa saa, siku hizo zilileta zaidi ya euro 14,000 kabla ya makato. Zilipita kile kinachodaiwa katika akaunti ile. Lakini, kama Australia, fedha za kesho hazifungui mlango wa leo.

Anayeuokoa mpango mara nyingi ni mwenye nyumba anamoishi opea. Sheria inakubali, badala ya akaunti, hati ya dhamana: mkazi wa Ujerumani anakwenda ofisini, anaonyesha karatasi za mshahara wake, anatia sahihi kwamba atabeba gharama za mgeni huyu. Dhamana hiyo humbana hadi miaka mitano, na mgeni akija kupokea msaada wa serikali, bili huweza kumfuata mdhamini. Si jambo la kumwomba mtu mkinywa chai. Hivyo ule uhusiano wa mwaka mmoja, nani aliamka usiku mtoto alipolia, nani alipakua vyombo bila kuambiwa, unageuka kuwa mtaji. Unaweza pia kuwa kitanzi. Opea anayejua kwamba hatima yake iko katika sahihi ya mwajiri wake hatalalamika akifanyishwa kazi saa 45.

Lugha ndiyo zawadi ya kweli ya mwaka huo, na hata yenyewe ina kasoro. Opea anaingia na A1. Studienkolleg, ile shule ya mwaka mmoja ya kumwandaa mgeni kwa chuo, huanza kumsikiliza mtu akiwa na B1 au B2, na chuo chenyewe kwa masomo ya Kijerumani kinadai mtihani wa DSH-2 au TestDaF wenye alama ya 4 katika kila sehemu. Familia huchangia euro 70 kwa mwezi kwa kozi, nayo kozi ya jioni katika shule ya watu wazima ya mjini huenda kwa mwendo wake. Mtoto wa miaka mitatu ni mwalimu hodari wa matamshi, hamwachii mtu kosa hata moja. Hawezi kumfundisha yeyote kuandika hoja kuhusu mfumuko wa bei. Wanaofaulu ni wale waliotumia saa za asubuhi, watoto wakiwa chekechea, kusoma kwa ratiba, wakalipia mtihani wa B1 kabla ya mwezi wa sita.

Vyeti navyo havibadiliki kwa kukaa Ujerumani. Mwenye KCSE, cheti cha sekondari cha Kenya, mara nyingi huambiwa apitie Studienkolleg na mtihani wake wa mwisho kabla ya kusajiliwa mwaka wa kwanza. Cheti cha kidato cha nne cha Tanzania peke yake hakimfikishi mtu chuo kikuu hata Dodoma, seuze Dortmund. Kila nchi na cheti chake vimeorodheshwa katika kanzidata ya Kijerumani iitwayo anabin, iliyo wazi kwa yeyote mtandaoni. Cha kushangaza ni wangapi huifungua kwa mara ya kwanza wakiwa wameshakaa miezi minane. Maombi mengi hupitia uni-assist, inayotoza euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata. Kwa mtu wa euro 280, kuomba vyuo vitano ni zaidi ya nusu ya mwezi.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa masomo huanza Oktoba, na tarehe ya mwisho ya kuomba huwa kwa kawaida 15 Julai. Kibali cha opea huanza siku alipotua, ambayo inategemea familia ilimhitaji lini na ubalozi ulimpa miadi lini. Aliyefika Februari anamaliza Februari, miezi minane kabla ya muhula. Pengo hilo huzibwa na mwaka wa utumishi wa kujitolea katika hospitali, nyumba ya wazee au shule ya watoto wenye ulemavu. Kisheria mwenye kibali halali cha kuishi anaweza kuomba kingine bila kurudi nyumbani, lakini mwamuzi ni ofisi ya wageni ya mji anaoishi, na ofisi hizo hazifanani. Moja inampa karatasi ya muda inayoendeleza kibali chake wakati maombi yakishughulikiwa; mji wa jirani haujibu barua pepe kwa wiki sita. Katika vikundi vya WhatsApp vya Wakenya walioko huko, ushauri wa kwanza kwa mgeni huwa ni mji upi wa kuhamia kabla ya kuomba lolote.

Ndipo umri unapodai haki yake. Opea lazima awe hajatimiza miaka 27 anapoomba. Tuseme mtu ameingia na 26, akamaliza na 27. Akajitolea mwaka mmoja, 28. Studienkolleg, 29. Anaanza shahada ya kwanza ya miaka mitatu akiwa amebakiza mwaka mmoja tu wa bima ya afya ya wanafunzi, kwani nafuu ile hukoma mtu akifikisha 30, na baada ya hapo mchango hupanda. Wenzake darasani wana 19. Aliyeingia na 20 kwa njia ile ile anamaliza shahada akiwa na 26, na hakuna lililomharibikia. Tofauti kati yao si akili wala juhudi. Ni kwamba mmoja wao alipoteza miaka sita Nairobi akisubiri kazi, kisha akaja Ulaya kuanza foleni nyingine.

Serikali zimeanza kuingilia. Tarehe 13 Septemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya na Olaf Scholz, Kansela wa Ujerumani wa wakati huo, walishuhudia jijini Berlin kutiwa sahihi kwa mkataba wa uhamaji wa kazi kati ya Kenya na Ujerumani. Habari zikaenea kwamba nafasi 250,000 zimetolewa. Wajerumani wakakanusha haraka, hapakuwa na idadi yoyote ndani ya mkataba. Watu walishikilia ile idadi, na mawakala wakaifanyia biashara. Mkataba umewalenga wafanyakazi wenye ujuzi na wanaokwenda kujifunza kazi, pamoja na wanafunzi. Kuhusu yule wa kundi la kati, aliyeko tayari Hannover na mtoto wa watu mgongoni, akitaka kusoma uhandisi, haujaondoa kizuizi kikubwa kuliko vyote, nacho ni akaunti ya euro 11,904.

Kwa hiyo wengi hukunja kona. Badala ya chuo wanachukua Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi hulipwa. Katika uuguzi, hospitali za umma huanza na zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na hakuna anayedaiwa kuonyesha akiba, maana mshahara wenyewe ndio ushahidi. Nyumbani habari hiyo hupokelewa kwa shingo upande: mtoto alikwenda kusomea udaktari, sasa anaambiwa anaosha wagonjwa. Wazazi hawajui, na mara nyingi hata mwanafunzi mwenyewe haambiwi mapema, kwamba tangu 2009 majimbo ya Ujerumani yamekubaliana kuwafungulia vyuo vikuu watu waliomaliza mafunzo ya kazi na kufanya kazi hiyo miaka mitatu, angalau kwa masomo yanayohusiana na taaluma yao, bila cheti cha sekondari cha Kijerumani na bila Studienkolleg. Muuguzi aliyeingia nchini kama opea akiwa na miaka 20 anaweza kuwa ndani ya ukumbi wa mihadhara akiwa na 27 au 28, ana akiba yake mwenyewe na Kijerumani cha wodini, na ofisi ya wageni haina tena swali la nani atamlisha.